Tyubu Mbili, Bakuli Moja

Mheshimiwa Gavana wa Mkoa; Ndugu Mkurugenzi wa hospitali; Padre Anselmo, uliyetubariki sisi na jengo kwa mkupuo mmoja; Daktari Evaristo Polanco, mwenye siku yake; madaktari, wauguzi, wapishi na wafua mashuka; kina mama wa mtaa wa La Cidra, mliokalishwa nyuma kwa sababu viti vya mbele vimefungwa utepe; ndugu wageni waalikwa wote: hamjambo?

Ratiba mliyoshika mikononi inasema saa nne ni kufungua Jengo la Primavera, saa tano Mheshimiwa Gavana atatia saini, na katikati hapo, kwa herufi ndogo, pameandikwa "kumuaga fundi wa maabara". Jina langu halikuenea kwenye mstari. Naitwa Eduvigis Tavárez, Vivi kwa walionizoea, na nimefanya kazi miaka thelathini na minane katika chumba cha chini, kati ya mashine za kufulia na stoo ya magongo. Aliyepanga ratiba hii amefanya makosa mawili. Ameniweka kabla ya saini, na amenipa kipaza sauti.

Nianze na shukrani, maana nimelelewa vizuri. Nimepewa zawadi ya kustaafu, kopo hili hapa, limefungwa utepe wa waridi: krimu ya Primavera, iliyobuniwa na Daktari Polanco, inayorudisha kolajeni ya ngozi kwa mwanamke aliyekoma hedhi, bila homoni, bila daktari, bila wasiwasi. Maneno hayo si yangu, yamebandikwa kwenye kopo pamoja na picha ya msichana ambaye hedhi yake, kwa kumtazama tu, haina mpango wa kukoma kabla ya miaka thelathini ijayo. Nina umri wa miaka sitini na mbili. Nimeipaka wiki tatu. Ngozi yangu inanukia nazi, na hapo ndipo habari yake inapoishia.

Kabla sijaendelea, nimsifu mwenye siku, kwa kuwa sifa zake ni nyingi na mchana ni mfupi. Daktari Polanco ni mtu wa haraka. Jaribio ambalo wengine wangelifanya katika miji mitatu kwa miaka mitatu, yeye alilifanya katika mtaa mmoja kwa miezi kumi. Wanawake sitini alihitaji, na wanawake sitini aliwapata Jumamosi moja, pale uani kwa Padre Anselmo, baada ya kugawa mikate ya nyama. Aliwapanga mstari. Mwenye namba witiri alipewa tyubu yenye jeli ya estrojeni, mwenye namba shufwa alipewa tyubu ya krimu tupu, ile ya mafuta ya nazi na shubiri aliyoichanganya mwenyewe, na tyubu zote zilifanana kama mayai. Akaita hiyo kura. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na sanduku langu la vichupa, nikaona kura yenyewe: wa kwanza huku, wa pili kule.

Sasa niwaulize kina mama wa La Cidra, mliokaa nyuma. Mkiitwa mahali, mnakwendaje? Mnakwenda mmoja mmoja?

Mnacheka. Daktari Polanco hachekeshwi, kwa kuwa hajui mnachochekea, na kutojua huko ndiko kulikojenga jumba hili tulimokaa. Mwanamke wa La Cidra haendi hata kununua chumvi bila komadre wake. Yule aliyemshika mwanao kisimani siku ya ubatizo ni zaidi ya ndugu. Ndugu unazaliwa naye tu, komadre umemchagua mbele ya Mungu. Mstari ule wa watu sitini ulikuwa jozi thelathini. Kila jozi ilikatwa katikati: komadre mmoja jeli, komadre mwingine nazi. Na karatasi waliyotia saini ilisema wazi kwamba tyubu moja ina dawa na nyingine haina, na hakuna atakayeambiwa ipi ni ipi.

Kuna mtu humu ndani anadhani mwanamke wa mtaa ule angeweza kurudi nyumbani na tyubu yake, akaipaka peke yake, uso ukachanua, halafu Jumapili akakutana kanisani na komadre wake aliyekunjamana, akamwangalia usoni?

Yupo mmoja. Tumempa jengo.

Ndugu wageni, nieleze kidogo kazi yangu, maana wengi wenu mnakutana nami leo kwa mara ya kwanza. Kabla ya jaribio, kila mwanamke alikatwa kipande cha ngozi kadiri ya punje ya dengu, kutoka kwenye kalio, mahali ambapo jua halijafika na kuharibu hesabu. Baada ya miezi kumi, kikakatwa kingine. Vyote sitini na sitini vililetwa kwangu. Nikavikata vyembamba, nikavitandaza kwenye vioo, nikavitia rangi inayoifanya kolajeni kuwa nyekundu, nikaviweka chini ya hadubini. Kwa hiyo, kina mama, msione haya. Wengine hapa wanawajua kwa sura. Mimi nawajua kwa upande wa pili, na nawapa pole na hongera inavyostahili.

Kolajeni ni zile kamba zinazoishika ngozi isilegee. Estrojeni ikipungua mwilini, kamba zile zinakonda, na miaka mitano ya mwanzo baada ya hedhi kukoma ndiyo inayokula nyingi. Ukirudisha homoni, zinaanza kunenepa tena, hasa kwa yule aliyepoteza sana; aliyenazo za kutosha haongezewi kitu cha maana. Hayo si maajabu, yanajulikana na waliosoma, na hayamfai kila mwanamke. Yupo wa kupewa na yupo wa kunyimwa. Ndiyo sababu tulikuwa na Kliniki ya Alhamisi, chini ya Daktari Sira Almonte, mahali ambapo mwanamke alikaa kitini, akaulizwa habari za mama yake na dada zake, za matiti yake na mfuko wake wa uzazi, kabla ya kuandikiwa hata tone moja.

Basi nikatazama vioo vyangu. Kamba zilikuwa zimenenepa kwa wote. Si thelathini, wote. Za walioandikiwa jeli zilinenepa kwa kiasi, na za walioandikiwa nazi zilinenepa kwa kiasi kilekile. Nilidhani nimechanganya namba. Nikavirudia vyote tangu mwanzo, wiki mbili, mpaka jicho la kulia likawa linatoa machozi. Jibu halikubadilika.

Nikampelekea Daktari Polanco jedwali. Mtu mwingine angekuna kichwa, angejiuliza pameharibika nini. Yeye alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema amegundua kitu. Kama krimu tupu inajenga kolajeni sawasawa na homoni, basi homoni ya nini? Mgunduzi wa krimu tupu ni nani? Na mwezi huohuo picha yake ikatoka gazetini, ameshika nazi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa mzaha unapungua.

Waliopewa jeli walipewa pia vidonge vya projesteroni, vya kuulinda mfuko wa uzazi. Mwanamke mwenye mfuko wake akipewa estrojeni peke yake, utando wa ndani unaweza kunenepa bila mpaka, na huko mbele kuna saratani. Waliopewa nazi walipewa vidonge vya unga mtupu, ili mambo yafanane. Mpango huo ulikuwa mzuri, nasema bila kinyongo. Lakini ulihitaji kila mtu abaki na tyubu yake.

Mwezi wa tisa wa jaribio, Nereida Cabral, namba arobaini na nne, yule pale mwenye blauzi ya njano, alianza kutokwa damu. Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka minne. Alivumilia mpaka jaribio likaisha na gazeti likatoka, ndipo akaja kwa Daktari Polanco. Daktari akafungua daftari lake la siri, akaona shufwa, akaona nazi, akafunga daftari. Akamwambia apunguze kahawa na kugombana na wakwe. Nereida akamwambia kwamba damu ni nyingi. Naye akajibu, na Nereida amenipa ruhusa nilirudie neno hili mbele yenu: "Bibi, ulichopewa hakina kitu ndani. Hakiwezi kukufanya lolote."

Mnaona akili hiyo? Krimu ileile, katika chumba chake cha kazi haina kitu na haiwezi kufanya lolote, na gazetini inarudisha ujana. Nimeitafakari sana sentensi ile. Ni ya kweli pekee aliyoitamka mwaka mzima, na aliitamka kwa mtu asiyehusika.

Nereida alipotoka huko alipita kwangu chini, kwa sababu ngazi za chini zina kivuli na miguu ilikuwa haimbebi. Nikampa kiti na maji. Nikakumbuka kioo chake, namba arobaini na nne, kamba nene nyekundu, na mafuta ya nazi sijawahi kuyaona yakifanya kazi hiyo katika miaka thelathini na minane; nyanya yangu aliyapaka maisha yake yote na alikufa amekunjamana kama zabibu. Nikamuuliza pole pole.

"Nereida, tyubu yako uliitumia wewe?"

"Niliitumia."

"Peke yako?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama anavaa nguo. Akaniambia, "Vivi, we nawe. Peke yangu kivipi, na Fiordaliza yupo?"

Fiordaliza Rosario, namba arobaini na tatu, komadre wake, aliyeketi kando yake hapo, ndiye aliyenimalizia habari. Ilifanyika jikoni kwake, siku ileile ya mikate ya nyama. Hawakujua tyubu ipi ina dawa. Wangezigawana moja moja, mmoja angedhulumiwa. Kwa hiyo walizikamua zote mbili, mpaka mkiani, katika bakuli moja, lile la kukandia unga. Fiordaliza akachukua mwiko wa maharage ya sukari, yale tunayopika Kwaresima, akakoroga. "Upande mmoja tu," akaniambia, "nilikoroga upande mmoja, mwiko ukienda na kurudi krimu inakatika." Kisha wakajaza makopo mawili ya mayonezi, nusu kwa nusu, wakapima kwa kijiko ili asiwepo wa kulalamika. Kila mwezi walipopewa tyubu mpya, bakuli lilitoka kabatini.

Nikamuuliza, na vidonge je? Akasema vidonge havikorogeki, kila mtu alimeza vyake.

Mheshimiwa Gavana, wewe si daktari, lakini ni mama, na naona umeshaacha kujipepea. Umeelewa. Nereida alikuwa anapaka nusu ya estrojeni ya komadre wake kila siku na kumeza unga mtupu.

Nilipanda ngazi nikamweleza Daktari Polanco. Nilimweleza bakuli, mwiko na makopo ya mayonezi. Nilidhani angeshtuka. Alinisikiliza kwa upole, upole ule unaowekewa watoto na vichaa, kisha akanishika bega na kusema: "Vivi, kazi yako ni kupaka rangi. Kufikiri tuachie sisi."

Nilishuka ngazi. Sitawadanganya, nililia. Nililia kwa hasira, nikiegemea mashine ya kufulia, na wafua mashuka walizima mashine ili nilie vizuri. Kisha nikanawa uso, nikamshika Nereida mkono, nikampeleka kwa Daktari Almonte, ambaye hakuuliza namba yake bali aliuliza damu inatoka tangu lini. Alimpima siku hiyohiyo. Utando ulikuwa umenenepa kupita kiasi na ulikuwa umeanza kubadilika. Haikuwa saratani. Daktari Almonte alisema Nereida angekaa mwaka mmoja zaidi na kahawa yake iliyopunguzwa, yeye asingeweza kutuahidi hivyo. Ametibiwa, amepona, amevaa njano.

Na Daktari Almonte alipata zawadi gani? Kliniki ya Alhamisi ilifungwa. Sababu iliyoandikwa ni kwamba homoni hazihitajiki tena, mkoa una Primavera. Chumba chake kimejaa maboksi ya makopo mpaka dirishani. Na karatasi iliyoko mezani hapo, Mheshimiwa, yenye kalamu iliyokwisha kufunguliwa kifuniko, inaagiza kila mwanamke wa mkoa huu aliyetimiza miaka hamsini apewe kopo hili badala ya kuonwa na daktari.

Daktari Polanco anatikisa kichwa. Ananong'ona kwa Mkurugenzi. Naomba asinong'one, nitamsemea mimi, najua hoja yake, aliniandikia barua. Anasema bakuli lilikuwa moja. Anasema wanawake wawili wajinga katika jiko moja hawaangushi sayansi. Neno "wajinga" ni lake, lipo kwenye mstari wa nne.

Ni hoja nzuri. Mimi ni mpaka rangi, siwezi kubishana na hoja. Naweza tu kuomba kitu kimoja kwa watu wa La Cidra, na naomba msione aibu, kwa sababu kwa miezi mingi mmekaa kimya mkidhani mmeharibu kazi ya watu wakubwa na kwamba mtagombezwa. Hakuna wa kuwagombeza. Mlifanya alichofanya kila mwanamke mwenye adabu katika bonde hili la Cibao tangu bonde lilipokuwapo. Aliyepaswa kulijua hilo ni yule aliyekuja kuwapanga mstari. Na angelijua, kama angekaa kwenu dakika kumi na kunywa kahawa, badala ya kugawa mikate ya nyama na kuondoka.

Kwa hiyo naomba: yeyote aliyeichanganya tyubu yake na ya komadre wake, kwa bakuli, kwa sufuria, kwa kopo, kwa mkono, asimame.

Nereida. Asante. Fiordaliza. Asante, na huo mwiko ungeuacha nyumbani, lakini sawa.

Kina mama wa nguzo ya kushoto, wawili. Wale wa mlangoni, wawili, wanne. Ercilia na komadre wake. Mstari mzima wa nyuma. Simameni bila haraka, daktari anahesabu. Daktari, unahesabu? Mimi nimefika hamsini na sita. Hamsini na wanane. Pale yupo mmoja anayesimama peke yake, komadre wake alihamia kwa mwanawe mwaka jana, na ameinua mikono miwili, mmoja wake na mmoja wa mwenzake. Sitini.

Hilo ndilo jaribio lako, Daktari Polanco. Limesimama. Ulikuwa na daftari la siri, nao walikuwa na bakuli.

Na sasa tazameni vizuri, ndugu wageni, kwa sababu haya si mashindano ya mimi na yeye. Nusu ya wanawake hawa waliosimama wamepaka estrojeni miezi kumi na kumeza unga. Mmoja tu amepimwa. Wengine ishirini na tisa wameandikwa daftarini kwamba walichopewa hakina kitu ndani. Ninyi mliomo kati yao, kama mmeona damu, hata tone, hata mara moja, hata kama mlidhani ni uchovu: si kahawa, na si wakwe.

Mheshimiwa Gavana, sikuombi ulaani mtu. Nakuomba ufunike hiyo kalamu. Halafu nakuomba uagize maboksi yatolewe chumba cha Alhamisi, ambacho hakihitaji utepe wala Padre, kinahitaji kiti, pazia na Daktari Almonte. Yupo pale kwenye nguzo, amekuja na orodha ya namba zote shufwa, na mimi nimemkabidhi vioo vyangu vyote mia na ishirini, kabla mtu hajakumbuka kuvitupa pamoja na mimi.

Nimeona. Amefunika. Mlioko nyuma ambao hamkuona, amefunika, na karatasi ameikunja akaitia kwenye mkoba. Mheshimiwa, nilikuja hapa nikiwa na maneno makali ya akiba kwa ajili yako. Naondoka nayo, hayataharibika.

Kwako Daktari Polanco, nakurudishia neno lako. Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi. Rangi hiyo haina kazi nyingine ila kuonyesha kilichopo, na kilichopo kwenye vioo vyako kilikuwa wanawake thelathini wakiwapa wanawake thelathini nusu ya walichonacho. Ulikitazama kupitia hadubini bora kuliko zote nchini, ukaona nazi.

Zawadi yako naipokea, sirudishi. Tangu juzi nimegundua matumizi yake: bawaba za mlango wa chumba changu zilikuwa zinalia miaka kumi na moja, nikazipaka Primavera, zimenyamaza. Kopo lililobaki litatosha mlango wa Alhamisi.

Nimalizie na jambo langu mwenyewe. Sikuolewa, sikuzaa, na katika mtaa mzima wa La Cidra mimi nilikuwa mwanamke pekee ambaye hakuwahi kuwa komadre wa mtu. Walisema mikono yangu inanuka dawa za maabara, nao walisema kweli. Ningekuwamo katika jaribio lile, ningepaka tyubu yangu peke yangu, kama alivyotaka daktari, na matokeo yangu yangekuwa safi. Wiki iliyopita binti yake Nereida alijifungua. Jumapili hii nimeitwa nimshike mtoto kwenye kisima cha ubatizo. Nimesugua mikono kwa ndimu siku nne.

Kina mama, kaeni basi, miguu isiwaume. Lakini wenye namba shufwa msikae. Daktari Almonte anaanza kuita majina sasa hivi, na kila mmoja aende na komadre wake. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Dakika zangu tano zilikwisha zamani, na mimi nimekwisha kustaafu.